Magurudumu ya Ijumaa

Nami nilikula. Nalisema hili mwanzoni kabisa, msije mkafika katikati mkaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilikula kila Ijumaa kwa wiki saba, na mara mbili niliomba kuongezewa.

Kiwanda chetu kilikuwa Belmont, Bulawayo, nyuma ya maghala ya ngozi. Tulikuwa watu thelathini na wanne, na tulitengeneza magurudumu ya reli. Si yale ya treni kubwa, ila ya mabehewa madogo yanayobeba miwa kwenye mashamba ya bondeni. Mwenye kiwanda aliitwa Khabo, mtu mnene aliyefunga mkanda juu ya kitovu na kuzungumza na kila mtu kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya mto. Mimi, Zibusiso Nyoni, nilikuwa kwenye mashine ya kukereza. Gurudumu likishatoka motoni na kupoa, ndimi niliyelisawazisha mpaka likang'aa.

Halafu kulikuwa na MaMafu. Alikuwa mwanamke pekee kiwandani, mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba ya viatu. Kazi yake ilikuwa kuvunja vitu. Alikata kijiti cha chuma kutoka kwenye gurudumu, akakitia pengo dogo katikati, akakilaza kwenye mashine yake, kisha akaachia nyundo kubwa inayoning'inia. Nyundo ikishuka na kukivunja kijiti kwa taabu, ikapanda upande wa pili kivivuvivu, chuma ni kizuri. Ikipita moja kwa moja kama haikukuta kitu, hapo MaMafu huvua miwani na kuuliza nani yuko zamu.

Gurudumu letu lilipashwa moto mpaka likawa jekundu, kisha ukingo wake ukarushiwa maji kwa nguvu. Maji yale huupa ukingo ugumu, usilike upesi na reli. Lakini kazi haikuishia hapo. Lazima gurudumu liingie tanuri la pili, nyuzi joto mia tano, kwa muda wa saa tano nzima, likae humo taratibu. Sisi tuliita kulituliza.

"Chuma kikitoka majini kina hasira," MaMafu alikuwa akiwaambia wageni. "Ni kigumu, hakikwaruziki, lakini ukikigonga vibaya kinapasuka. Kama bwana harusi aliyecheleweshewa chakula. Ndiyo maana tunakipeleka pale kikatulie."

Tanuri la kutuliza lilikuwa la Mlilo. Kwetu mlilo ni moto, na kwa jina hilo la ukoo hakuna aliyethubutu kumpa kazi nyingine. Kumbe maskini hakuupenda moto wa chuma hata kidogo. Alichopenda ni kupika. Kantini yetu ilipofungwa kwa sababu mpishi ameoa na kuhamia Gwanda, Mlilo alilizunguka tanuri lake siku mbili, kisha Ijumaa ile akaja na kichwa cha ng'ombe ndani ya gunia.

"Zibusiso," aliniambia, "wewe umewahi kuona jiko lenye joto sawasawa kila upande kama tanuri langu?"

"Sijawahi."

"Juu sawa, chini sawa, pembeni sawa. Nyumbani kwangu nikipika, huku kunaungua, kule kubichi. Humu kichwa kitaiva kama kimebembelezwa."

"Nyuzi mia tano, Mlilo? Utatoa majivu."

"Nani amekwambia mia tano?" akasema, akanikonyeza.

Akashusha moto mpaka nyuzi mia na themanini. Magurudumu yalikuwa yameshapangwa ndani. Sufuria lake likakaa juu yao kama mfalme, limefunikwa, na kitunguu, na chumvi, na pilipili mbili. Kuna mashine ndogo pale nje ya tanuri yenye kalamu inayochora joto kwenye karatasi inayozunguka, ili ofisi ijue siku nzima tanuri lilikuwaje. Kalamu ile Mlilo aliifunga kwa mpira kwenye alama ya mia tano, ikachora mstari ulionyooka. Saa sita mchana tukala. Jamani! Nyama ya shavu ilikuwa inaachia mfupa kwa kutazamwa tu. Baada ya hapo nani ana nguvu ya kupandisha moto? Ijumaa tunafunga saa nane. Tukayatoa magurudumu, tukaenda zetu.

MaMafu hakuambiwa. Haikuwa hila. Kwetu kichwa cha ng'ombe, inhloko, ni cha wanaume, na mwanamke wa heshima kama yule hata kukitaja mbele yake unashusha sauti. Saa ile ya chakula yeye alikuwa chumbani kwake na mkate na maziwa yake ya mgando, anasikia wanaume thelathini wakicheka uani, na anadhani ni mpira.

Alikuwa akipima gurudumu moja tu kwa wiki, na wiki ya tano la Ijumaa likamfikia: nyundo yake ikapita bila kusimama.

Akamwita Khabo aje aone. Nilikuwepo, nimepeleka gurudumu la kupimwa. MaMafu akaachia nyundo. Tak! Kijiti kikaruka vipande viwili, na nyundo ikapanda upande wa pili mpaka karibu ya dari. Akaviokota vile vipande. Pale kilipovunjikia palikuwa pakimetameta kama sukari.

"Biskuti," akasema. "Bwana Khabo, umeniletea biskuti."

"Ni maji!" Khabo akanguruma. "Maji ya mjini yamebadilika! Hata chai siku hizi haina rangi!"

Akaagiza maji ya kisima kwa lori. Wiki iliyofuata, biskuti tena.

"Basi ni hiyo nyundo yako. Unaipiga kwa chuki."

"Nyundo inaanguka yenyewe. Mimi naiachia tu."

"Basi unaiachia kwa chuki, MaMafu!"

 MaMafu akaanza kuandika kwa chaki kwenye kila gurudumu siku liliyotoka tanurini. Wiki moja baadaye akatuita ofisini kwa Khabo, mimi na Mlilo, akatusomea. Jumatatu, nzuri. Jumanne, nzuri. Jumatano na Alhamisi, nzuri. Ijumaa, biskuti.

"Ijumaa kuna nini?" akauliza.

"Ijumaa watu wanafurahi," Khabo akasema.

Mimi nikatazama viatu vyangu. Mlilo akatazama viatu vyangu pia.

MaMafu akaomba karatasi za joto, akazikunjua sakafuni, akapiga magoti juu yake. Mstari wa Jumatatu ulikuwa unatetemeka, unapanda kidogo, unashuka kidogo, kama mwandiko wa bibi kizee. Wa Jumanne hivyohivyo. Wa Ijumaa ulikuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Tanuri hili Ijumaa linaokoka?" akasema. "Siku nne linatetemeka, ya tano limesimama wima kama liko kanisani?"

"Ni umeme, MaMafu," Mlilo akasema. "Ijumaa umeme huwa mtulivu."

"Tanuri lako linatumia gesi, Mlilo."

"Na gesi pia huwa tulivu."

MaMafu akasogeza pua kwenye karatasi. Pembeni mwa mstari kulikuwa na doa la mviringo, alama ya kidole gumba, na karatasi pale imelowa mafuta mpaka unaona sakafu ng'ambo ya pili. Akainusa. Akanusa tena. Akakaa juu ya visigino vyake.

"Kitunguu," akasema.

 Khabo akatazama dirishani. MaMafu akazikunja karatasi zake, akaziweka kwapani, akatoka. Nikafikiri yamekwisha. Mlilo naye akafikiri hivyohivyo, maana Ijumaa iliyofuata alikuja na kichwa kikubwa kuliko vyote, cha fahali, chenye pembe zilizotoboa gunia.

Saa sita kasoro kidogo tulikuwa tumepanga mstari kutoka mbele ya tanuri mpaka uani, sahani mkononi. Isitshwala, ugali wetu, ilikuwa tayari kwenye beseni, nyeupe, inatoa mvuke. Wa kwanza mstarini alikuwa Khabo mwenyewe, na sahani ya maua aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mlilo alikuwa amevaa glavu za kazi, amelitoa sufuria, amelipeleka uani na kuliweka juu ya pipa lililopinduliwa, anafunua kifuniko taratibu ili tushangilie. Tukashangilia.

"Naona mpira umeanza," sauti ikasema nyuma yetu.

MaMafu alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na kipimajoto chake mwenyewe, kile cha waya mrefu. Akapita katikati yetu kana kwamba sisi ni vichaka, akaingiza waya tanurini, akasoma.

"Mia na sabini na tano."

Kisha akaiendea mashine ya kalamu, akaufungua mpira kwa kidole kimoja. Kalamu ikaanguka chini, *trrr*, kama mtu aliyezirai.

"MaMafu, mama yangu..." Mlilo akaanza.

"Usiniite mama. Mimi sina mtoto anayepika ng'ombe juu ya magurudumu ya treni." Akageuka. "Na wewe, Bwana Khabo?"

Khabo alikuwa ameficha sahani ya maua nyuma ya mgongo. "Mimi nilidhani anakipika kwake!" akafoka. "Nilidhani kinakuja kimeiva!"

"Kimekuja kimeiva kutoka kwake Luveve, na mvuke juu, kila Ijumaa?"

"Nilidhani ana sufuria zuri!"

Wakati huohuo geti likafunguliwa na lori likaingia. Ndani ya lori alikuwa Chauke, mkaguzi wa shamba la miwa lililoagiza magurudumu arobaini na nane. Alitarajiwa Jumatatu. Alikuwa amepata usafiri wa bure, akaona heri awahi. Mtu mrefu, mwembamba, suti ya kahawia, na kinyundo kidogo cha mpini mrefu kwapani. Huko kwao alikuwa pia kiongozi wa kwaya ya kanisa, na mambo hayo mawili alikuwa hayatenganishi.

"Nimewakuta mezani!" akasema kwa furaha. "Endeleeni, ndugu zangu, endeleeni. Hiyo ni nini, shavu?"

Khabo akaona mlango wa kutokea. Sahani ya maua ikatoka mgongoni, ikajazwa shavu na ulimi, ikamfikia Chauke kabla hajakaa. Chauke akala amesimama, akafumba macho. Kisha akaomba aonyeshwe magurudumu.

Magurudumu ya Ijumaa zilizopita yote tulikuwa nayo bado, kumi na mawili, yamesimamishwa ukutani, yanang'aa, kazi ya mikono yangu. Chauke akaligonga la kwanza kwa kinyundo chake. *Ngiiiii.* Sauti ikazunguka uani, ikaenda, ikarudi.

"So," akasema polepole, kama anayeipa kwaya noti. "Sikieni. Hiyo ni so kamili." Akagonga la pili, akainamisha kichwa. "Hili nalo ni so, ila lina mafua kidogo. La tatu, Mungu wangu, mi!"

Akaanza kuyapanga. Hili huku, lile kule. Watu wakasahau sahani. Akagonga matatu mfululizo, na Mlilo, ambaye kwa hofu alikuwa tayari kufanya lolote, akaitikia kwa besi. Watu wa kwenye tanuri kubwa wakachukua sauti ya pili. Khabo akaanza kuyumba kwa mguu mmoja mmoja, mkanda wake ukipanda na kushuka. Naapa, kwa dakika kama tano kiwanda chetu kiliimba wimbo wa kanisa juu ya magurudumu kumi na mawili, na ulikuwa mtamu.

"Nasaini," Chauke akasema, akitafuta kalamu. "Gurudumu lenye ufa haliimbi. Haya hayana ufa hata mmoja."

"Ni kweli hayana," MaMafu akasema. "Bado."

"MaMafu!" Khabo akanguruma. "Mgeni amesema anasaini!"

"Yanaimba vizuri kwa sababu hakuna aliyeyaudhi. Bwana Chauke, huko kwenu reli imepinda?"

"Kidogo. Kuna daraja, kuna mteremko wa mto."

"Na juu ya mabehewa wanapanda nani?"

Chauke alikuwa ameshapata kalamu, akaishusha. "Wakataji," akasema. "Jioni wakirudi. Na watoto wao, wanadandia, wananyonya miwa. Tunawafukuza, wanarudi."

"Basi kabla hujasaini, naomba gurudumu moja. Moja tu."

Uani kulikuwa na winchi yenye tufe la chuma la kilo mia mbili, tunalovunjia vyuma chakavu. MaMafu akachagua lile la so. Akaagiza lilazwe chini kwenye mchanga, sote turudi nyuma ya ukuta. Winchi ikapandisha tufe mpaka mita tatu. Gurudumu letu zuri lingetakiwa kulipokea, likapata kovu, likakaa. MaMafu akainua mkono, akaushusha.

Sikusikia *ngiii*. Nilisikia kama sahani imeangukia saruji. Gurudumu likagawanyika mara tatu, na kipande cha ukingo, kikubwa kama mkate, kikaruka juu, kikapita juu ya ukuta, juu ya vichwa vyetu sote tuliokuwa tumechuchumaa, kikazunguka hewani kwa utulivu kabisa, kikatua ndani ya sufuria la Mlilo.

Mchuzi ukapanda kama chemchemi. Pipa likaanguka. Sufuria likaanguka. Kichwa cha fahali kikajiviringisha uani, pembe, mchanga, pembe, mchanga, kikasimama miguuni kwa Khabo kikimtazama.

"Nilishusha moto mimi!" Mlilo akapiga kelele, hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Kila Ijumaa! Na kalamu niliifunga mimi! Na ndizi mbili za MaMafu zilizopotea mwezi wa tatu, ni mimi!"

"Ndizi sikuzijua," MaMafu akasema.

Chauke alikwenda mpaka kwenye vipande. Akachuchumaa, akagusa pale palipovunjika, pakimetameta. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Hili lilikuwa so," akasema. Kisha akarudisha kalamu mfukoni. "Nilikuwa nasaini. Tumbo limejaa, nilikuwa nasaini." Akamgeukia MaMafu, akavua kofia. "Mama, yaliyobaki tunayatupa?"

"Hayatupwi. Chuma chenyewe ni kizuri, kimenyimwa utulivu wake tu. Yarudi tanurini, nyuzi mia tano, saa tano. Na mimi nitakaa mbele yake kwenye kiti."

Na alikaa. Jumamosi nzima, kwenye kiti cha ofisini cha Khabo, chenye magurudumu ya plastiki, ambacho Khabo alikisukuma mwenyewe mpaka pale. Mlilo aliambiwa asikaribie tanuri hatua kumi, na akapewa ufagio. Kazi ya moto nikapewa mimi, kama adhabu, kwa kuwa niliulizwa nilikuwa najua au sijui, nikajibu kwamba nilikuwa na njaa.

Niliogopa kuliko siku yoyote. Nilidhani kutunza moto ni kufungua na kufunga gesi. Kumbe ukiacha kidogo joto linateremka, ukizidisha linakimbia, na MaMafu nyuma yako anasema, "Mia nne tisini na moja, Zibusiso," bila kunyanyua macho kwenye kitambaa anachofuma. Kufika saa ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuusikia mlio wa gesi, na mstari wa kalamu ulikuwa unatetemeka vizuri.

"Huo ndio mwandiko wa tanuri lililo macho," akasema. Akanipa nusu ya mkate wake.

Jumatatu Chauke alikuja na kiti akakaa mbele ya nyundo. MaMafu akakata vijiti kutoka kwenye gurudumu lililorudiwa. Nyundo ikashuka. Duk! Ikapanda upande wa pili kwa kujikokota, ikasita, ikarudi imechoka. Vipande vilikuwa vimejikunja kidogo kabla ya kukubali, na ndani havikumetameta, vilikuwa vya kijivu kama jivu. Akarudia mara sita. Mara ya tatu Khabo akapiga makofi. Tukapeleka gurudumu moja uani, tufe likaangushwa. Likapata kovu, likakaa.

Chauke akasaini. Lakini uso haukuwa wa furaha. Alikuwa ameyagonga yote kumi na moja asubuhi ile, peke yake, na alikuwa anayagonga tena.

"Hayaimbi kama zamani," akasema.

"Ni uleule mlio, Bwana Chauke," MaMafu akasema. "Ni masikio yako yana huzuni."

"Mama, mimi nimeongoza kwaya miaka ishirini na mbili. Hizi sasa ni sauti za watu wazima wenye kazi. Zile zilikuwa za malaika." Akakohoa. "Hivi... hamna hata moja lililobaki bila kutulizwa?"

Lilikuwapo. Ijumaa ile sufuria lilipopinduka tulikuwa tumetoa magurudumu mawili, na moja lilikuwa limesahaulika nyuma ya mashine yangu. Nililitoa. Chauke akaligonga, na kabla sauti haijaisha macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hapana," MaMafu akasema.

"Si la reli, mama. Kanisa letu halina kengele. Tunagonga bati."

"Hapana. Mtu ataliona limekaa, ataliingiza kwenye behewa."

"Nitalitundika juu kabisa. Nitaapa."

Wakabishana mpaka saa ya chai. Mwishowe MaMafu akaniambia nilitoboe katikati tundu la pili lililoingiliana na la ekseli, lisiweze kushika ekseli yoyote ya dunia hii. Nikalitoboa. Kisha akachukua mihuri ya chuma na nyundo ya mkono, akagonga herufi moja moja kuzunguka kitovu chake, polepole, akipuliza kila herufi: SI LA RELI. LIGONGWE KWA MTI TU. M. MAFU.

Chauke alilipakia mbele, kwenye kiti, kati yake na dereva, akalifunga mkanda. Magurudumu mengine yakapanda nyuma. Khabo aliwasindikiza mpaka getini akipaza sauti kuwaelekeza njia, ingawa dereva alikuwa mzaliwa wa Bulawayo. Mlilo aliacha ufagio wake akapunga mkono.

MaMafu hakusubiri lori lifike barabarani. Alikuwa ameshaingia ndani kupima fungu la Jumatatu, na mimi nikaitwa kwa jina langu lote, kwa sababu tanuri lilikuwa limeshuka mpaka mia nne themanini na nane.